Bawa tupu la rimoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumapili jioni tukishusha ndege uwanjani, huwa kuna mtu amesimama karibu na goli, mikono nyuma, anasubiri tumalize ili aulize. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike mara moja. "Bawa tupu" ndivyo tunavyoiita sisi ndege isiyo na mkia wala kiwiliwili: bawa peke yake, mota imebanwa nyuma, betri puani. Kinachoulizwa zaidi ni mota. Kinachovunja ndege nyingi zaidi ni kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiisawazisha, na hicho hakiulizwi mpaka ya kwanza imeshazikwa.

Ndege bila mkia inarukaje? Hata tiara ikikatika mkia inachoma chini.

Kweli, na mtoto yeyote wa pwani analijua hilo. Lakini jiulize kwanza mkia ulikuwa unafanya nini. Kwenye ndege ya kawaida uzito umewekwa mbele ya pale bawa linaponyanyulia, kwa hiyo pua muda wote inataka kuinama. Mkia kule nyuma unasukuma chini kidogo na kuizuia. Mwendo ukizidi, mkia unasukuma zaidi na pua inainuka. Mwendo ukipungua, mkia unalegea, pua inainama na ndege inapata mwendo tena. Ndege inajirekebisha yenyewe kabla hujagusa stiki.

Bawa tupu linafanya kazi hiyo hiyo, ila mkia wake umefichwa ndani ya umbo. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuzirudisha ncha nyuma, bawa likawa kama herufi V iliyopanuka, halafu kuzisokota ncha kidogo ili ukingo wake wa nyuma uwe juu kuliko wa shina, yaani pale katikati bawa linapoanzia. Ncha zinajikuta ziko nyuma ya kitovu cha uzito na zinanyanyua kidogo kuliko katikati, kwa hiyo zinafanya kazi ya mkia. Ya pili ni bawa lililonyooka kama ubao wa kufulia, lenye profaili (umbo la bawa ukilikata na kulitazama kwa ubavu) ambayo ukingo wake wa nyuma umepindishwa juu. Hapo kila sehemu ya bawa ina mkia wake mdogo.

Gharama ipo. Mkia wa kawaida uko mbali, kwa hiyo nguvu kidogo inatosha, kama mpini mrefu wa jembe. Wa bawa tupu uko karibu mno. Kosa la milimita kumi kwenye kitovu cha uzito, ambalo ndege yenye mkia ingelisamehe, hapa linaweza kuwa safari ya kwenda chini moja kwa moja.

Nani walianza mambo haya?

Mmea ulianza. Kuna mtambaa wa misitu ya Indonesia, Alsomitra macrocarpa, ambao mbegu yake ina bawa jembamba kama karatasi na huelea mbali ikidondoka. Igo Etrich, Mwaustria, aliichukua kama kielelezo mwanzoni mwa karne ya 20. Uingereza, J. W. Dunne alirusha ndege isiyo na mkia yenye mabawa yaliyorudishwa nyuma mwaka 1910. Ujerumani kulikuwa na Alexander Lippisch na ndugu wawili, Walter na Reimar Horten. Marekani alikuwa Jack Northrop, ambaye XB-35 yake iliruka Juni 1946 na YB-49 ya injini za jeti Oktoba 1947. Moja ya YB-49 ilianguka Juni 1948 na kuua wote waliokuwemo, akiwemo rubani Glen Edwards, ambaye kituo cha jeshi la anga cha Edwards kule California kimepewa jina lake. Mradi ukafutwa. B-2, bawa tupu la kivita la Marekani, iliporuka Julai 1989, upana wake wa ncha kwa ncha ulikuwa sawa na wa YB-49, mita 52.4. Tofauti kubwa ni kwamba sasa kompyuta ndiyo iliyokuwa inashika stiki.

Wewe huhitaji kompyuta hiyo. B-2 haina kibawa hata kimoja kilichosimama, na hilo ndilo linalohitaji kompyuta kuiweka sawa. Sisi tunaweka vibawa vya kusimama kwenye ncha na maisha yanaendelea.

Na kama unadhani haya ni mambo ya watu wa mbali, kumbuka 2016 Zanzibar ilipoanza kupigwa picha upya kutoka angani kwa ajili ya ramani. Ndege zilizotumika zilikuwa eBee, bawa tupu la povu lisilofika kilo moja, na waliozirusha walikuwa pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA.

Nianze na ukubwa gani?

Mita moja ncha kwa ncha. Ndogo zaidi ya hapo zina haraka mno kwa anayeanza, kubwa zaidi hazipandi daladala. Vipimo ninavyowapa watu ni hivi: upana wa shina (kutoka mbele hadi nyuma) mm 260, upana wa ncha mm 160, na ukingo wa mbele wa ncha uwe nyuma ya ule wa shina kwa mm 250. Eneo lote linakuwa desimita za mraba 21.

Uzito ukiwa tayari kuruka, na betri ndani, lenga gramu 600. Hiyo ni kama gramu 29 kwa kila desimita ya mraba. Kwa uzito huo, hewa ya Dar, bawa linaanza kukataa kuruka likishuka chini ya kilomita 28 kwa saa hivi, ambayo ni mbio za kijana mwenye pumzi. Ukifika gramu 800 bado litaruka, ila litakuja kutua kama bodaboda isiyo na breki.

Kitovu cha uzito kinakaa wapi hasa?

Hapa tukae kidogo.

Chukua karatasi kubwa, hata ya kufungia nyama, uchore nusu ya bawa kwa ukubwa wake halisi. Mstari wa shina mm 260. Pima mm 500 kwenda pembeni, hapo chora mstari wa ncha mm 160, ukianzia mm 250 nyuma ya pua. Sasa refusha mstari wa shina kwenda mbele kwa mm 160, yaani kwa upana wa ncha. Kule kwenye ncha, refusha kwenda nyuma kwa mm 260, yaani kwa upana wa shina. Unganisha miisho hiyo miwili kwa mstari wa mshazari. Halafu chora mstari mwingine kutoka katikati ya shina hadi katikati ya ncha. Mistari miwili inakatana mahali pamoja, na hapo ndipo penye upana wa wastani wa bawa lako.

Ukichora vizuri itakuwa mm 230 kutoka katikati, na upana wa bawa hapo ni mm 214. Ukingo wa mbele hapo uko mm 115 nyuma ya pua. Robo ya 214 ni kama 53. Jumlisha na 115, unapata 168. Hapo, mm 168 kutoka puani, ndipo kilipo kitovu cha unyanyuzi kwa kukadiria.

Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya hapo, kama mshale unavyokuwa na chuma mbele na manyoya nyuma. Mbele kiasi gani? Kwa safari ya kwanza, asilimia 10 ya upana wa wastani: mm 21. Kwa hiyo mizani iwe mm 147 kutoka puani. Ukishazoea unaweza kurudi polepole hadi asilimia 5, kwenye 157, na utaona bawa linakuwa jepesi mkononi na linaelea vizuri zaidi. Ukivuka 168 hakuna trimu (marekebisho madogo ya rimoti) wala maombi yatakayosaidia.

Namna ya kupima: weka alama mbili chini ya bawa, kushoto na kulia, kwenye mm 147. Chomeka penseli mbili zenye kifutio kwenye kipande cha mbao, vifutio vikitazama juu, uliweke bawa hapo juu na KILA KITU ndani. Betri, propela, kamera kama ipo, hata tepu ya kufungia betri. Bawa likae sawa au liiname pua kidogo sana.

Watu wananiuliza kwa nini wasipime theluthi ya shina kama walivyozoea kwenye ndege ya mkia. Theluthi ya 260 ni 87. Ukiweka hapo, pua itakuwa nzito kupita kiasi, utavuta stiki mpaka mwisho na bawa halitainuka. Kwa bawa lililorudishwa nyuma, kitovu kinaonekana kama kiko nyuma sana ukitazama shina peke yake. Amini karatasi.

Nitumie profaili gani?

Zilizochorwa na Martin Hepperle zinatosha: MH 45 au MH 60, zote zina unene wa karibu asilimia 10 ya upana na zimechorwa kwa ndege zisizo na mkia. Vipimo vyake viko wazi mtandaoni, na programu ya bure ya XFLR5 itakuonyesha jinsi bawa lako litakavyofanya kabla hujakata povu. Usitumie Clark Y ya ndege ya mkia. Ile inataka kuinamisha pua yenyewe, na huna mkia wa kuizuia.

Kama unajenga kwa bodi za povu na wembe, bila kukata kwa waya, kuna profaili ya ngazi ya Kline na Fogleman: bodi moja chini, nyingine juu yake inayoishia katikati, basi. Inaonekana kama kosa la fundi, lakini inaruka na inavumilia mikono migeni.

Povu napata wapi, na gundi gani isiyolila?

Povu jeupe la maboksi ya friji na televisheni linafaa kabisa kwa kuanzia. Wauza samaki wa Feri wana maboksi mazito zaidi, ila yaoshe mara tatu na uyaanike, vinginevyo paka wa mtaa mzima watakuwa wapenzi wa ndege. Povu jeusi au jeupe la EPP, linalonyumbuka bila kuvunjika, ndilo bora kuliko yote, lakini mara nyingi ni la kuagiza.

Gundi: supa glu ya kawaida inayeyusha povu jeupe. Gundi ya fundi viatu pia. Jaribu kwenye kipande cha kutupa uone, inachimba shimo huku inatoa moshi. Tumia gundi nyeupe ya mbao kwa sehemu zisizo na haraka, gundi ya fimbo ya moto kwa joto la chini, epoksi ya dakika tano kwenye mota na uti wa bawa.

Uti wenyewe ni fimbo ya kaboni ya mm 5 au 6 kila upande. Ukikosa, bomba la aluminiamu la antena kuukuu ya televisheni. Mwanzi uliokauka vizuri nao unafanya kazi, na nimeuona ukivumilia maanguko ambayo kaboni ingepasuka. Kisha vika bawa lote tepu pana ya kufungia maboksi. Tepu hiyo ndiyo inayobeba nguvu, povu linashikilia umbo tu. Ivike juu na chini kwa mpango mmoja, maana ukivuta zaidi upande mmoja bawa litajisokota lenyewe usiku wakati umelala.

Nakataje povu liwe na umbo la bawa?

Kwa waya wa moto, watu wawili na uvumilivu. Upinde wetu ni wa mbao. Waya ni nikromu ya mm 0.4, urefu wa sentimita 70, ukipewa volti 12 za betri ya gari unapitisha ampea 2 hivi. Waya usiwe mwekundu. Ukiwa mwekundu unakula povu pana kuliko unavyotaka. Uwe moto wa kutosha kupita kwa mwendo wa konokono bila kusukumwa.

Kata vielelezo viwili vya fomeka, kimoja cha shina na kimoja cha ncha, uvisugue kwa msasa hadi kingo ziteleze. Vigawe vyote alama kumi, moja hadi kumi, kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa kuwa shina ni pana kuliko ncha, anayeshika upande wa shina anakwenda haraka kuliko mwenzake, na bila alama mtapishana. Mmoja anahesabu kwa sauti. "Moja... moja na nusu... mbili..." Nyote mnafika mbili kwa pamoja. Ukisikia waya unapiga mlio kama nzi amenaswa, simama, umekwama mahali. Ukitoka upande wa pili kuna nyuzi nyembamba za povu zinaelea na harufu inayokaba koo. Fungua madirisha, usifanye kazi hii chumbani penye mtoto amelala.

Kusokota ncha kunafanyika hapa hapa: kielelezo cha ncha kibanwe kikiwa kimezungushwa digrii 2, ukingo wake wa nyuma ukiwa juu. Kwa ncha ya mm 160 hiyo ni kama mm 5 na nusu. Hakikisha kushoto na kulia ni sawa. Ncha moja ikisokotwa zaidi ya nyingine, bawa litalala upande mmoja maisha yake yote.

Mota na betri?

Mota isiyo na brashi ya ukubwa wa 2212, KV 1400 hivi (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), propela ya inchi 8 kwa 4, spidi kontrola ya ampea 30, betri ya lipo ya seli 3 yenye mAh 2200. Servo (mota ndogo za kusogeza vibawa) mbili za gramu 9, za gia za chuma kama mfuko unaruhusu. Inatosha sana. Wanaoweka mota kubwa zaidi wanaongeza uzito nyuma kabisa, halafu wanaongeza vipande vya madini ya risasi puani kusawazisha, halafu wanashangaa ndege imekuwa jiwe.

Propela iko nyuma, na hapa wengi hukosea: upande wenye maandishi unatazama mbele, kule ndege inakokwenda, hata kama mota inasukuma. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili kati ya zile tatu. Hakuna haja ya kugeuza propela.

Lipo ikijaa ni volti 4.2 kwa seli. Tua kabla haijashuka chini ya 3.5. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani, na usiichaji umelala. Iliyovimba imekufa, usiibembeleze.

Rimoti niiwekeje?

Bawa tupu lina vibawa viwili vya nyuma tu, elevoni, vinavyofanya kazi ya usukani wote. Vikipanda pamoja pua inainuka, vikipishana ndege inalala upande. Rimoti lazima iwe na mchanganyo wa elevoni, yaani kuunganisha kuinua pua na kulalia upande kwenye vibawa vile vile viwili, na nyingi za siku hizi zinao. Kwa kuanza nawapa mm 8 juu na chini kwa kuinua pua, mm 12 kwa kulalia, expo (kulainisha stiki karibu na katikati) asilimia 30. Elevoni zote mbili zianze zikiwa juu kwa mm 2 au 3 stiki ikiwa katikati.

Kabla ya KILA mruko, simama nyuma ya ndege. Vuta stiki kwako: zote zinapanda. Peleka kulia: ya kulia inapanda, ya kushoto inashuka. Sema kwa mdomo. Nasema hivi kwa sababu bawa langu la pili nililipima nikiwa mbele yake, nimechuchumaa, jua machoni. Nilisogeza stiki, elevoni zikacheza, nikasema safi. Zilikuwa zinacheza kinyume. Binamu alilirusha vizuri kabisa, likainamisha pua kidogo, nami nikavuta stiki kulisaidia. Lilikwenda chini kama limeitwa. Kazi ya wiki tatu iliisha kabla binamu hajashusha mikono.

Naanzaje kuirusha?

Bila mota kwanza. Tafuta nyasi ndefu, asubuhi kabla upepo haujaamka, ulisukume bawa mbele kwa usawa kama mkuki mwepesi, usilipinde juu. Likiteleza mita 15 au 20 na kutua kwa tumbo, uko tayari. Likiinua pua na kusimama hewani kisha kudondoka, uzito uko nyuma. Likichoma chini, angalia elevoni kwanza, halafu uzito.

Kwa mota, mwenzako alishike kwa mikono miwili, alielekeze kwenye upepo, pua juu kidogo, alisukume kwa nguvu. Gesi inatiwa baada ya ndege kuachana na mikono, si kabla. Propela iko nyuma na inapita palepale vidole vilipokuwa. Mwendo ukishakuja, inua pua taratibu, panda kwa unyoofu hadi juu ya minazi ndipo ukunje. Ukikunja chini, ukavuta sana, ukiwa polepole, utajua maana ya stoli, bawa kukosa mwendo na kuacha kunyanyua.

Inaruka, ila...

Ila inapanda na kushuka kwa ghafla kama ngalawa iliyolegea, na kila ukigusa stiki inazidisha: uzito uko nyuma mno. Tua sasa hivi, sogeza betri mbele.

Ila inahitaji kuvutwa stiki muda wote: pua nzito. Panda juu sana, iinamishe digrii 30 hivi, uachie stiki. Ikijiinua kwa nguvu, rudisha betri nyuma mm 3. Ikizidi kuinama, sogeza mbele. Ikijiinua polepole, acha, usiguse kitu.

Ila mkia, samahani, nyuma inatikisika kushoto na kulia kama bata: ongeza vibawa vya ncha.

Ila ikienda kasi inatoa mlio wa kuvuma: elevoni zinatetemeka. Bawaba zimelegea au fimbo ya servo ni laini. Tumia spoki ya baiskeli, si waya wa maua. Mlio huo ukiusikia, punguza gesi papo hapo, maana elevoni inaweza kung'oka.

Ndege yangu inaruka vizuri Dar, nikaipeleka Mbeya ikakataa. Imelogwa?

Haijalogwa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya kule ni nyembamba kwa asilimia 15 hivi. Bawa linahitaji mwendo zaidi kwa asilimia 8 au 9 kubeba uzito ule ule, na propela nayo inashika hewa kidogo. Mimi mwenyewe niliaibika kule mbele ya wajomba: nilirusha kwa mkono wangu wa Dar, bawa likakaa kwenye nyasi kama kuku. Mara ya pili alirusha kijana aliyezoea kurusha mawe maembeni, likapanda. Nairobi ni vivyo hivyo. Kitovu cha uzito hakibadiliki.

Naruhusiwa kurusha popote?

Hapana. Tanzania Bara na Visiwani ulizia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, Kenya ni KCAA, mamlaka ya huko, ambayo ilitoa kanuni zake mwaka 2020. Ulizia kabla ya kuagiza vifaa, si baada ya kifurushi kukwama. Karibu na uwanja wa ndege, kambi ya jeshi au mkusanyiko wa watu, usijaribu hata kwa utani.

Naweza kuweka kamera?

Unaweza, baada ya miruko ishirini. Iweke puani, utapunguza risasi.

Mwanangu ana miaka 11 anataka. Ni mapema?

Mpe sahani ya povu ya chipsi, kisu kisicho kikali na sarafu. Akate bawa dogo lenye umbo la V, akunje kingo za nyuma juu kidogo, abandike sarafu puani kwa tepu, aisogeze mbele na nyuma mpaka liteleze. Kwa siku moja atakuwa amejifunza kile ambacho mimi nilikuja kufundishwa na bawa la tatu.

Limevunjika katikati. Nilitupe?

Usilitupe. Povu likivunjika huacha meno, na meno hayo yanaingiana kama mabua. Paka gundi nyeupe, lisukume lirudiane, libane kwa tepu hadi kesho yake, kisha ongeza tepu mshazari juu na chini. Nina bawa lenye mivunjiko saba ambalo bado linaruka. Ila gundi na tepu vina uzito, na mara nyingi vimeingia nyuma ya pale ulipopima. Rudi kwenye zile penseli mbili kabla hujarudi uwanjani.